Upatanifu wa laini na simu

Upatanifu wa laini na simu ni uwezo wa simu ya mkononi kuisoma laini na kutumia mtandao wa kampuni iliyoitoa. Ukubwa wa kadi si tatizo zito. Mafundi wa mitaani huikata kubwa ikatosha tundu dogo. Kikwazo halisi ni teknolojia na masafa. Teknolojia ya GSM, ambayo kadi zake za kwanza zilitoka mwaka 1991, iliiweka namba ya utambulisho wa mteja ndani ya laini. Teknolojia ya CDMA ya kampuni ya Verizon nchini Marekani, iliyozimwa mwishoni mwa 2022, iliandikisha simu yenyewe, hivyo simu nyingi za zamani zilizoletwa na ndugu kutoka huko hazikuwa hata na tundu la laini. Na simu ya GSM ya Marekani yenye megahezi 850 na 1900 pekee haikunasa mtandao Dar es Salaam wala Mombasa, ambako GSM ilitumia 900 na 1800. Simu iliyofungwa na kampuni hukataa laini ngeni hata masafa yakilingana. Kwenye 4G, simu isiyo na VoLTE (huduma ya kupiga simu kupitia 4G) inayokubaliwa na mtandao hupata intaneti, lakini ili kupiga hulazimika kurudi 2G au 3G.