Siku sita za Kisangani, na maneno ya kuzitafutia

Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalianza kupigana ndani ya mji wa Kisangani. Mabomu yalinyamaza Jumamosi tarehe 10. Miaka 33 kabla ya hapo, Jumatatu tarehe 5 Juni 1967, Israeli ilikuwa imeanza vita na Misri, Yordani na Siria, navyo vikaisha Jumamosi tarehe 10. Siku ya juma ni ile ile, tarehe ni zile zile, jina ni lile lile. Mtoto wa Mangobo aliyekulia mbali akiandika kwenye simu «vita vya siku sita», ataonyeshwa Sinai na Yerusalemu kabla ya kuonyeshwa daraja la mto Tshopo. Na mega alizonunua zinaweza kuisha kabla hajafika kwao.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini historia yake ni ndefu, na siku hizi linagusa pia mfuko wa watu.

Wazee wa Makiso na Tshopo hawahitaji kukumbushwa. Majeshi hayo mawili yaliingia Kongo pamoja mwezi wa Agosti 1998 kama marafiki, kila moja likiwa na waasi wake. Urafiki ulipoharibika, mji ulilipa. Agosti 1999 walipigana mara ya kwanza. Tarehe 5 Mei 2000 wakarudia. Juni ikawa kubwa kuliko zote: mabomu juu ya vichwa vya raia, watu wamelala chini ya vitanda, maiti zikizikwa kwenye viwanja vya nyumba kwa sababu hapakuwa na njia ya kufika makaburini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 juu ya maovu yaliyotendwa Kongo inasema kwamba, kufuatana na vyanzo mbalimbali, raia kati ya 244 na 760 waliuawa, zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 400 za watu zilibomolewa. Kanisa kuu la Notre-Dame nalo liliharibiwa.

Tazama namna mji wenyewe ulivyovipa vita hivyo majina. Kisangani ilihesabu siku: vita vya siku tatu, vita vya siku moja, vita vya siku sita. Kwa mtu aliyekuwa ndani ya mji, majina hayo yalitosha kabisa, maana nani angeuliza ni siku sita za wapi? Tena, mji huu hauna lugha moja. Wa Kabondo husema «vita ya siku sita», wala hasemi «vya» kama vitabu vya shule. Mwingine husema kwa Lingala «bitumba ya mikolo motoba». Aliyesoma huandika kwa Kifaransa «guerre de six jours». Vita ni vimoja, lakini kwa mtambo wa kutafuta hayo ni maneno manne yasiyojuana.

Kuna sababu nyingine inayozifanya siku zile zipotee. Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, karibu miaka miwili baadaye. Kwa hiyo mabomu ya Juni hayakuwa na taarifa yake ya asubuhi na ya jioni iliyowekwa kwenye intaneti siku ile ile, kama ilivyo leo. Sehemu kubwa ya yanayosomeka iliandikwa na watu wa mbali, kwa lugha zao, kwa ajili ya ofisi zao.

Kwa nini neno la kutafutia limekuwa na uzito sasa? Kwa sababu ya fidia. Tarehe 16 Juni 2000, siku sita tu baada ya bunduki kunyamaza, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likasema kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa kwa ajili ya watu waliokufa na mali iliyoharibiwa Kisangani. Kongo ilikuwa imekwisha kuishitaki Uganda tangu Juni 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 19 Desemba 2005. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyo ilitangaza tarehe 3 Februari 2006 kwamba haina uwezo wa kisheria wa kusikiliza kesi. Halafu tarehe 9 Februari 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu, milioni 40 ni za mali, na milioni 60 ni za utajiri wa asili. Pesa hizo ni za kesi nzima, Ituri ikiwamo, si za Kisangani peke yake.

Hazina iliyopewa kazi ya kuwatambua waathirika na kuwagawia inaitwa FRIVAO, na makao yake yako hapa Kisangani. Sasa fikiria mama aliyepoteza mume mwaka 2000 akahamia Kinshasa au Kampala. Neno FRIVAO halijui. Akilisikia mara moja kwenye redio, ataliandika Frivo, Fivao au Vrivao. La kawaida zaidi, ataandika kilicho moyoni mwake: «malipo ya waliokufa vita ya Kisangani». Kama ukurasa wenye maelezo ya kweli umeandikwa kwa jina refu la ofisi na Kifaransa cha sheria peke yake, mama huyu na ukurasa ule hawatakutana. Atakayekutana naye ni tapeli anayejua kuandika kama watu wanavyosema, kisha anaomba «pesa kidogo ya fomu».

Ndiyo maana redio ndogo na vyama vyenye tovuti vinapaswa kujua zana za kuchunguza maneno, yaani zile zinazoonyesha watu huandika nini wanapotafuta. Lakini kwanza zijulikane zilitoka wapi, kwa sababu asili yake inaeleza upofu wake.

Zana hizi zilizaliwa sokoni. Mwaka 1998 huko Marekani, Bill Gross alianzisha GoTo, mtambo ambamo wafanyabiashara walishindana kwa bei: anayelipa zaidi kwa neno fulani ndiye anayeonekana juu. Mnada wa namna hiyo ulihitaji orodha ya maneno yanayotafutwa sana, ili mnunuzi ajue ananunua nini. GoTo ikageuka Overture mwaka 2001, Yahoo ikainunua mwaka 2003. Google nayo ilikuwa imefungua duka lake la matangazo, AdWords, mwaka 2000, na mwaka 2013 ikatoa Keyword Planner inayotumiwa mpaka leo. Zana hiyo humwambia mwenye bidhaa ni watu wangapi kwa mwezi huandika neno fulani, na neno hilo lina bei gani. Nani anunue tangazo kwenye neno la kaburi la mwaka 2000? Hakuna. Basi zana ya mnada haina haraka ya kulihesabu. Tangu mwaka 2016, asiyetumia pesa nyingi kwa matangazo huonyeshwa makadirio mapana tu, kama «100 mpaka 1,000», na kwa maneno ya Kiswahili cha Kisangani mara nyingi atakuta nafasi tupu. Zana za kulipia kila mwezi kama Ahrefs na Semrush ni nzuri kwa anayeuza viatu Ulaya. Kwa redio ya Tshopo, pesa hizo afadhali zinunue mafuta ya jenereta.

Google Trends, iliyoanza mwaka 2006, ni ya bure na inavutia kuitazama. Haitoi hesabu ya watu. Inatoa kipimo cha 0 mpaka 100 kinachoonyesha neno limepanda au limeshuka, na neno linalotafutwa na wachache sana halionyeshwi kabisa. Hapa ndipo ile ajali ya kalenda inapouma tena. Mstari wa «guerre de six jours» ukipanda mwezi wa Juni, ni nani wanaotafuta? Wanaomlilia ndugu wa Kisangani, au wanafunzi wanaosoma 1967? Tarehe hazisaidii kuwatenganisha, kwa kuwa ni zile zile. Kuchagua nchi ya Kongo peke yake kunapunguza utata kidogo, lakini hakuwaonyeshi walio Kampala wala Brussels. Kitakachosaidia ni kuongeza neno «Kisangani», kisha kulinganisha.

Zana inayofaa zaidi ni ile ambayo watu wengi hawaisikii: Search Console, jina lake tangu mwaka 2015, nayo ni ya bure kwa mwenye tovuti. Haikisii dunia nzima inatafuta nini. Inamwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyoandikwa na watu ambao kurasa zake zilitokea mbele yao, ni wangapi waliofungua, na walikuwa nchi gani. Inahifadhi miezi 16, kwa hiyo Juni ya mwaka huu inaweza kuwekwa kando ya Juni iliyopita. Humo ndimo «vita ya siku sita» na «vita vya siku sita» hutengana waziwazi, na makosa ya kuandika FRIVAO hujitokeza yenyewe. Ina kasoro moja inayofaa kukumbukwa: maneno yaliyoandikwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya kulinda siri zao. Anayetafuta jina la marehemu wake mmoja hataonekana humo. Pia haijui lolote juu ya neno ambalo kurasa za tovuti hazijawahi kutokea mbele ya aliyelitafuta.

Kwa hayo mawili, sikio la redio linashinda mashine. Simu za wasikilizaji, maswali yanayoletwa mlangoni, ujumbe wa sauti wa WhatsApp: humo watu husema kwa maneno yao, bila kujua kwamba wanaandika orodha. Karani mwenye daftari, anayeandika swali kama lilivyoulizwa badala ya kulinyoosha, anafanya uchunguzi wa maneno ulio bora kuliko wa Overture.

Shida ya majina si ya vita hivyo tu. Mji wenyewe uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, na picha na barua nyingi za 1964, wakati wa Simba na askari wa miamvuli wa Ubelgiji, zimehifadhiwa chini ya jina hilo. Anayeandika «Kisangani 1964» anapitwa na nusu ya kumbukumbu za baba yake. Maporomoko ya maji nayo ni Boyoma kwa mmoja, Wagenia au Wagenya kwa mwingine, Stanley Falls kwenye ramani za zamani.

Na kuna familia ambazo vita vyao havijapata hata jina. Waliokimbia mapigano ya Mbole na Lengola tangu mwaka 2023, wakavuka kutoka upande wa Lubunga, hawatafuti «mgogoro wa kijamii», kama ofisi zinavyouita. Wanatafuta kijiji chao, mara nyingine kwa namba ya kilomita tu: PK fulani kwenye barabara fulani. Namna ya kuandika jina la kijiji inaweza kuwa mbili au tatu. Ukurasa unaosema tu «waliohamishwa wa Tshopo» hauwasaidii kujua kama njia ya kurudi iko wazi.

Wengi wao, ni kweli, hawafungui Google. Husubiri habari ifike kwenye kikundi cha simu. Lakini aliyeianzisha habari ile kikundini aliitoa mahali fulani, mara nyingi kwa kutafuta.

Basi ukurasa wa Juni 2000 unaweza kuandikwa hivi: kichwa kiwe «Vita ya siku sita Kisangani, Juni 2000», kwa «ya» ya mji, mahali na mwaka vikiwa humo humo. Mstari wa kwanza uwe na jina la Kifaransa na la Lingala. FRIVAO ielezwe mara ya kwanza inapotajwa, kwa maneno «fidia» na «malipo ya waathirika» karibu yake, na isemwe wazi ofisi iko mji gani. Majina ya komini yaandikwe yote sita, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, kwa sababu mtu aliyefiwa hukumbuka komini kabla ya tarehe. Picha nzito ziondolewe ili mega zisiliwe. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja, na ikifanywa mwezi wa Aprili, mitambo itakuwa imeusoma ukurasa kabla ya tarehe 5 Juni.