Kiakisi na Kioo: Istilahi za Darubini ya Newton

Neno darubini asili yake ni Kiajemi: "dur" ni mbali, na "bin" ni kuona. Jina hilo lataja kazi ya chombo wala halijali namna kilivyoundwa, na kwa hiyo halikupata taabu chombo chenyewe kilipobadilika. Taabu humpata mfasiri aingiapo ndani ya bomba.

Darubini za mwanzo zilitumia lenzi, na lenzi hutawanya rangi za mwanga hata nyota ikaonekana ina ukingo wa rangi. Mwaka 1663 James Gregory wa Uskoti alichapisha mpango wa darubini ya viakisi, lakini hakumpata fundi wa kuvisugua ipasavyo. Isaac Newton alijisugulia mwenyewe. Darubini yake ya mwaka 1668 ilikuwa na urefu wa sentimita 15 hivi, na kiakisi chake kikuu kipenyo cha sentimita 3 na ushei. Mbele ya hicho aliweka kiakisi bapa, kilichoinama nyuzi 45, kiutoe mwanga ubavuni mwa bomba.

Mwalimu akisema Newton alitumia "kioo", mwanafunzi atafikiri dirisha. Kiakisi kile kilikuwa mchanganyiko wa shaba na bati, pamoja na aseniki kidogo. Vioo vilivyopakwa fedha viliingia katika darubini miaka ya 1850, kwa kazi ya Steinheil na Foucault. Tofauti hii si ya maneno tu. Madini yale yalififia, yakatolewa, yakasuguliwa na kurudishwa. Na kila yaliporudishwa, hapakuwa na budi kuvielekeza viakisi upya. William Herschel aliifanyia darubini yake kubwa ya mwaka 1789 viakisi viwili, kimoja kitumike kingine kikisuguliwa.

Kazi hiyo ya kuelekeza, wanafalaki wa Ulaya huiita kwa neno litokanalo na collimare la Kilatini. Neno hilo lilizaliwa na kosa: katika matoleo fulani ya Cicero, collineare, yaani kunyoosha katika mstari, lilisomwa vibaya. Kepler akalitumia, likadumu. Sioni sababu ya sisi kulitohoa.

Tutazame kazi yenyewe. Fundi wa leo huondoa lenzi ya jicho, huchungulia tunduni, na kukirekebisha kiakisi kidogo hata kionyeshe kile kikuu chote. Kisha hukaza au kulegeza skrubu tatu zilizo nyuma ya kiakisi kikuu, mpaka alione jicho lake katikati. Kinachopatanishwa ni mihimili. "Kusawazisha" kutamfanya mwashi akimbilie pimamaji. Na "kulinganisha" peke yake, kwa mtahiniwa, ni kutaja tofauti na mifanano. Napendekeza "ulinganishaji wa mihimili". Ni refu, lakini halina utata.

Na "kiakisi" kitumike kwa darubini zote za aina hii, "kioo" kikiachiwa zile za baada ya Steinheil na Foucault.