Aliyeandika SPSS Alisomea Biashara, Wasee

Niliacha chuo kabla ya kumaliza biashara, kwa hivyo nichekeni kwanza ndio niongee. Darasani kwetu SPSS ilikuwa jini. "Hiyo ni ya watu wa hesabu," halafu mtu anapeleka hojaji zake saiba, analipa, anarudishiwa majedwali asiyoelewa. Mimi pia nililipa.

Sasa sikia. Programu yenyewe ilianza 1968, Stanford, Marekani. Norman Nie, msomi wa siasa, alikuwa amezidiwa na data. Aliyemwandikia programu, Hadlai Hull, alikuwa ametoka tu kumaliza MBA. Biashara kama sisi!

Na hapa Waberi tunajua uzito wa namba. 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 kwa wilaya nane za kaskazini, Lagdera ya hapa Garissa ikiwemo. Eti watu wameongezeka kupita kiasi, umri na jinsia havilingani. Tulikasirika, na bado tuna hasira. Lakini hiyo ni hoja ya majedwali, na hasira haifungui jedwali.

Juzi nimepakua PSPP, ndugu yake wa bure. Bado nahangaika, lakini safari hii hojaji naingiza mwenyewe.