Mike Boit: Mkimbiaji Aliyekuwa Mwalimu

Mkimbiaji hupimwa kwa saa, na saa haina upendeleo. Mwalimu hapimwi hivyo, maana matunda ya kazi yake huchelewa kuonekana, tena huonekana katika maisha ya wengine. Mike Boit wa Kenya alipimwa kwa vipimo vyote viwili.

Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Wanandi. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, alipata nishani ya shaba ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.01. Dave Wottle wa Marekani na Yevgeny Arzhanov wa Urusi ya Kisovyeti walimtangulia, nao wakaandikiwa sekunde 45.86 na sekunde 45.89 juu ya dakika. Katika mita 1500 alikuwa wa nne.

Mwaka 1976 Michezo ilifanyika Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini, mwaka ule ule ambao damu ya wanafunzi ilimwagika Soweto. New Zealand haikutolewa katika Michezo. Kwa hiyo Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikajitoa. Alberto Juantorena wa Cuba akashinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.50, muda ambao wakati ule ulikuwa haujapata kufikiwa na mtu. Mwezi uliofuata, huko Berlin, Boit alikimbia kwa sekunde 43.57 juu ya dakika. Tofauti yao ilikuwa sehemu saba tu katika mia za sekunde moja. Haifai kusema kwamba angalishinda, kwa kuwa mbio za siku moja si mbio za siku nyingine. Lakini yatosha kuonyesha ukubwa wa kile alichodaiwa.

Mwaka 1980 Kenya ilisusia Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan. Mara ya kwanza dai lilikuwa la Waafrika wenyewe. Mara ya pili lilitokana na ugomvi wa mataifa makubwa. Aliyelipa ni yule yule.

Hata hivyo hakuketi akilia. Mwaka 1978 alishinda mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, na mwaka 1982, akiwa na umri wa miaka 33, alipata shaba ya mita 1500 huko Brisbane. Tena alikuwa amesoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, na elimu hiyo hakuna serikali iliyoweza kumwondoa humo. Baadaye alikuwa Kamishna wa Michezo wa Kenya, na Profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Orodha ya nishani huwataja waliokuwapo tu. Anayeandika historia hana budi kuwauliza pia wasiokuwapo: walizuiwa na nani, kwa haki gani, na siku zilizobaki walizitumiaje. Boit alizitumia kufundisha.