‘Malaika’ ulipaa, mwimbaji akabaki chini
Wengi wetu tunaujua wimbo ‘Malaika’. Wachache tunamkumbuka Fadhili William. Mtaita huyu aliurekodi na bendi ya Jambo Boys, enzi za mkoloni zikielekea ukingoni. Miriam Makeba, Harry Belafonte na hata Boney M wakauimba, ukazunguka dunia nzima. Lakini wimbo ulivyozidi kupaa, jina lake lilizidi kufifia. Adam Salim naye alidai ndiye mtunzi halisi, na mirabaha haikulingana na sifa. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani, akafariki 2001. Ajabu ni kwamba wimbo wenyewe ni kilio cha kijana aliyekosa mahari. Basi Kiswahili kilipata jina. Mwenye sauti, je, alipata nini?