IJUE TOFAUTI: FORD YA 1920 NA FORD YA 1929, NA SIMBA WA SERENGETI WANAINGIAJE HAPO

Chukua picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Gari limesimama kwenye nyasi, mzungu ameshika bunduki, simba kalala chini, na pembeni wamesimama vijana wa Kiafrika. Chini pameandikwa: Serengeti, 1920. Ni kweli? Usibishane na mtu, liulize gari.

Kweli mwaka 1920 Mmarekani mmoja, mwindaji, aliingia Serengeti na Ford. Wakati huo Ford waliuza gari moja tu la abiria, Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927. Zilitoka zaidi ya milioni 15! Ilikuwa rahisi, nyepesi na ipo juu, kwa hiyo ilipita porini bila barabara.

Sasa mwishoni mwa 1927 ikaja Model A, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Angalia hivi:

MAGURUDUMU: Model T ya 1920 ina njiti nene za mbao, kama za mkokoteni. Model A ina njiti nyembamba za chuma, kama za baiskeli.

MBELE: T ya 1920 ina rejeta yenye fremu nyeusi na haikutoka kiwandani na bampa. A ina rejeta inayong'aa na bampa la vyuma viwili virefu.

MIGUUNI: T ina pedeli tatu, lakini usidanganyike. Ya kushoto ni gia, ya kati ni rivasi, ya kulia ni breki. Mafuta unaongeza kwa mkono, kwa kiwiko kilicho chini ya usukani. Dereva wa leo angepaki kwenye mti! A inaendeshwa karibu kama gari la manyuo la sasa, na ina breki magurudumu yote manne.

NGUVU: T ni farasi 20, A ni farasi 40. T ilikimbia kama kilometa 65 hadi 70 kwa saa, A inapita 100.

Ukiona Chevrolet ya 1929, hiyo ni kiboko nyingine: silinda sita wakati Ford ana nne. Nyingi zilikuwa na magurudumu ya sahani nzima ya chuma, bila njiti.

Kwa hiyo picha ikiandikwa 1920 na gari lina njiti za baiskeli na bampa la vyuma viwili, hiyo ni uongo mtupu. Ila kumbuka, gari linakupa mwaka wa mapema kabisa, siyo wa mwisho. Model T iliweza kutembea mpaka miaka ya 1930.

Miaka hiyo tisa si midogo. Magari yalivyoongezeka, watu wakaanza kupiga simba wakiwa wamekaa ndani ya gari, simba hana hata pa kukimbilia. Simba wakapungua. Mwaka 1921 serikali ya Waingereza ikatenga kipande kidogo cha hifadhi, kama ekari 800 tu, na 1929 ikaweka hifadhi kamili. Hata mwindaji mmoja maarufu aliyeishi Kenya aliandika kwenye gazeti la London kulaani mchezo huo wa magari. Hifadhi ya taifa ikaja 1951.

Na wale vijana pembeni? Mwenye bunduki anatajwa, gari linatajwa, wao hapana. Ndio walijua maji yako wapi na simba kapita wapi. Ukishajua gari ni la mwaka gani, unaweza kuuliza Ikoma, Mugumu mpaka Tarime: nani kwenye ukoo alikuwa kijana miaka ile na alifuatana na wawindaji?

Bibi ana picha kama hiyo kwenye sanduku? Itoe leo, wakati wa kumjua mtu bado upo. Anza na magurudumu.