Kuta za Bahari na Gati za Vivuko Nchini Guyana

Guyana iko kaskazini mwa Amerika Kusini, ikitazama bahari ya Atlantiki. Takriban watu tisa katika kila kumi huishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa. Mji mkuu, Georgetown, umo humo. Wakazi hukaa pakavu kwa sababu ya kuta za bahari, matuta ya udongo, mifereji, na milango ya maji iitwayo koker, jina lililoachwa na Waholanzi waliotawala kabla ya Waingereza.

Jasho la kuchimba mifereji na kupandisha matuta lilikuwa la Waafrika waliotiwa utumwani. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu kilichotoka 1981, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwake, kwamba watumwa walihamisha tani milioni 100 za udongo mzito uliolowa maji, koleo mkononi, ili mashamba ya miwa yapatikane. Anayejadili gharama za ukarabati wa kinga hizo leo aanze na hesabu hiyo.

Koker hufunguliwa maji yakipwa ili mifereji imwage, hufungwa yakijaa. Bahari ikipanda, saa za kumwaga hupungua; mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji hukosa pa kwenda. Januari 2005 mvua ilifurisha Georgetown na vijiji vilivyo mashariki yake, na hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 465, zaidi ya nusu ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Ndiyo maana ukarabati wa sasa hauishii kwenye zege na mawe. Pampu nazo zinahitajika.

Kinga ya kwanza, hata hivyo, ni tope. Mto Amazon humwaga matope ambayo mkondo wa bahari huyasukuma kuelekea magharibi katika mafungu makubwa. Fungu likitulia mbele ya kijiji, mawimbi huchoka kabla ya kufika ukutani, na mikoko huota. Likihama, bahari huupiga ukuta uso kwa uso. Mwaka 2010 serikali na Umoja wa Ulaya walianza mradi wa kurudisha mikoko, wanavijiji wakiotesha miche. Mti unaotegemewa zaidi ni ndugu wa mchu unaojulikana Rufiji na Lamu. Mche hauoteshwi popote tu: pasipo na tope la kutosha, wimbi huung'oa.

Maji hayohayo hutawala pia usafiri. Mitoni, kivuko hufunga kwenye stelling, neno jingine la Kiholanzi, yaani gati la nguzo na mbao. Mto Demerara ulipata daraja linaloelea mwaka 1978 na mto Berbice mwaka 2008, lakini kwenye mdomo mpana wa mto Essequibo, visiwa vya Leguan na Wakenaam bado hutegemea vyombo vya majini. Gati lisilopanda na kushuka na maji huyaacha malori ya mpunga yakisubiri. Linaloelea, lenye daraja la bawaba, hufuata kina cha mto. Nguzo zake nazo huliwa na mkondo uleule unaomega kingo za jirani.

Kwa hiyo ukuta na gati vipangwe pamoja, kwa vipimo vilevile vya maji. Barabara iliyokingwa na ukuta imara haimfikishi mkulima sokoni ikiwa inaishia kwenye gati lililozama.